Daraja Linalokataa Kupasuka

Ndugu Mhandisi wa Madaraja wa Manispaa,

Nakuandikia nikiwa kitandani. Daktari amenishauri, kwa upole, nisipange mambo ya kiangazi, kwa hiyo ni heri nikiri mapema: nataka daraja letu lipasuke. Kidogo tu.

Kwanza, tangu mafundi wako waanze kuipiga mishono ya daraja la mtoni kwa kile kinyundo cha umeme, hakuna ufa hata mmoja. Sababu naijua, maana nimelifundisha somo hilo maisha yangu yote: mshono wa kuchomelea huacha chuma kikivutana, na ufa huanzia ukingoni mwake. Ukingo ukipigwa ukalainika na kushindiliwa, chuma hakichoki upesi. Kazi ni nzuri mno. Hilo ndilo lalamiko langu.

Pili, mimi, Veikko na Tauno, wachomeleaji wastaafu, tulikuwa tukilikagua daraja kila Alhamisi kwa lenzi na chaki. Aliyeona ufa alitukaribisha kwake kwa kahawa na mikate ya iliki. Unatujua Wafini: hatubishi hodi kwa mwenzetu bila sababu. Sasa sababu haipo. Tauno anakaa ng'ambo ya barabara, na tangu theluji ianguke tunapungiana mikono dirishani tu.

Tatu, nilimlalamikia Riikka, fundi wako wa kinyundo. Akacheka: "Mzee Kalervo, yaani watu watumbukie mtoni ili wewe upate kahawa?"

Nikamjibu, "Si watu, binti yangu. Baiskeli moja tu, tena isiyo na mtu."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mshono mmoja uachwe bila kupigwa. Ikishindikana, vinyundo vyote vifungiwe ghalani hadi nizikwe, na malori ya magogo yaruhusiwe kupita mawili mawili.

Nisalimie ofisi nzima, pamoja na yule anayewasomea wenzake barua zangu kwa sauti.

Wako mtiifu, anayeishiwa na muda,
Kalervo Hyttinen

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, Riikka ameingia. Kumbe hata mshono uliopigwa lazima ukaguliwe, na anataka macho ya wazoefu.

"Wenzako nimeshawaambia," akasema. "Wako nje mlangoni, wanaona haya kubisha."

Tafadhali pigeni mishono yote. Mimi nashuka kitandani nikawafungulie.