Asali ya Harusi na Baiskeli Isiyo na Stendi

Jumatatu, 16 Juni
Ifahamike kwa vizazi vyote: mimi Hilari, muuza asali wa Itetemia, kuanzia leo sifungi stendi kwenye baiskeli. Ile ya zamani imekatika, fundi kasema haiungiki. Safi! Stendi ni ya mtu asiye na watu. Ukiegemeza baiskeli ukutani kwa mtu lazima umwamkie, akukaribishe, mwishowe anunue. Bi Asmahani anamwozesha binti yake Jumamosi, anatafuta ndoo mbili za asali. Nikimpata yeye, nimewapata mashoga zake wa mjini kote.

Jumanne, 17 Juni
Kwa Bi Asmahani. Ukuta umepakwa chokaa jana. Usukani umechora mstari toka dirishani hadi mlangoni. Nikatoa shikamoo mbili. Akaitikia moja, akauliza kama kwetu hakuna kuta. Hata hivyo kasema nilete asali Alhamisi, ila baiskeli isiguse nyumba yake. Oda nimepata! Dionis, muuza asali mwenzangu, kapita na baiskeli yake ya stendi ya miguu miwili. Kaniuliza eti yangu inaumwa kiuno? Mtu wa wivu.

Alhamisi, 19 Juni
Nyumba sikuigusa. Niliegemeza kwenye nguzo ya turubai la harusi. Kumbe ndoo mbili ni nzito! Nguzo ikaenda. Turubai likaifuata. Chini yake shangazi wanane wa bibi harusi, wanachambua mchele. Ndoo zote zimepasuka. Mchele umenata, shangazi wawili pia. Bibi harusi, Batuli, alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka. Kasema nina kesho tu. Nikimwaga tena, anamwita Dionis, na mashoga zake wote watajua kwa nini.

Ijumaa, 20 Juni
Nimekopa ndoo mbili za asali kwa shemeji. Nimetafakari njia nzima. Kosa lilikuwa nguzo: nyembamba, haina msimamo. Kinachotakiwa ni kitu kizito, kipana, kitulivu. Nje kwa Bi Asmahani nikakiona! Ng'ombe wa kitoweo cha harusi, kafungwa kamba, kalala pembeni ya njia anacheua. Baiskeli, ndoo zikiwa juu yake, ikakaa ubavuni mwake kama imezaliwa hapo. Hakuna fundi Tabora nzima awezaye kutengeneza stendi namna hii. Nikaingia mbio kumwita Bi Asmahani aje ajionee mwenyewe. Akaja, na shangazi wote wanane nyuma yake.

Ng'ombe alikuwa amesimama.