Chura wa Mheshimiwa Chepyegon

Serikali ya wilaya ilifurahi kuwatangazia wananchi wote, pamoja na wale ambao hawakuuliza, kwamba mwaka huo wa 1996 wilaya imepata chura. Si chura hivi hivi. Wataalamu walimkuta kwenye mtaro wa shamba la chai huko Kapkatet, wakamgeuza huku na huku, wakasema hajawahi kuonekana popote duniani. Kwa hiyo ikaundwa kamati ya kumpa jina.

Katibu wa kamati alikuwa Bwana Noah Kipkirui, Kaimu Afisa wa Kilimo. Kaimu kwa miaka saba, jamani! Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa ndani ya koti lake, imepigwa chapa vizuri, inangoja tu sahihi ya waziri, Mheshimiwa Chepyegon, ambaye ndiye mbunge wa huko huko. Sasa wewe fikiria, Noah angependekeza jina la nani? Kamati ilikaa vikao tisa, ikanywa chai, ikapitisha bila kupingwa kwamba chura ataitwa Chepyegon. Kwamba alikuwa na mdomo mpana na hajulikani hukaa wapi kiangazi, hayo yalinakiliwa kama sifa za kisayansi.

Noah alikwenda mwenyewe Kapkatet kutangaza. Watu wakapiga makofi, isipokuwa Kogo Edinah, nyanya aliyesimamia karibu kila mtoto wa kijiji alipopewa jina.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Nani, Kogo?"

"Chepyegon."

"Hajafa! Tumempa chura jina lake kwa heshima."

"Wewe Noah, nilikupakata siku ya kwanza. Tulikuitia majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka ukapiga chafya, ndipo tukajua jina lako. Umewahi kusikia tukimwitia mtoto jina la mtu aliye hai?" Akashika kichwa. "Woi, maskini! Na serikali inatuficha."

Noah alieleza mpaka sauti ikakauka. Alivyozidi kukana ndivyo watu walivyozidi kuamini, maana serikali yao walikuwa wanaijua. Kufikia Jumatano, kwaya ya kanisa ilikuwa imeanza mazoezi ya nyimbo za mazishi. Kufikia Ijumaa, watu watatu walikuwa wanakitaka kiti cha marehemu. Wa kwanza alileta dawa kwenye zahanati. Wa pili alitengeneza daraja. Wa tatu alimwaga changarawe ya murram kwenye barabara ya kituo cha kukusanyia majani ya chai, ambako kila mvua ikinyesha lori lilikuwa linakwama na chai ya watu inaharibika gunia kwa gunia. Chepkorir, mke wa Noah, alikuwa amemwaga yake mara nyingi, akilia.

Jumatatu Mheshimiwa akaja na msafara wa magari, amefura. Hakuwa ameonekana Kapkatet tangu siku ya kura. Akanyakua kipaza sauti.

"Wananchi, mimi niko hai!"

Mtu mmoja akakohoa.

"Pole sana, Mheshimiwa," Kogo Edinah akasema, na alimhurumia kweli. "Lakini tangu ufe tumepata dawa, daraja na barabara. Si ungekaa hivyo hivyo kidogo, murram ifike sokoni?"

Makofi yakawa makubwa kuliko ya siku ya chura.

Mheshimiwa akamgeukia Noah. "Katibu! Andika kwamba niko hai."

"Hiyo ni hoja, Mheshimiwa," Noah akasema. "Kwa kanuni zetu, hoja lazima iungwe mkono."

"Basi unga wewe! Lete hiyo barua yako nitie sahihi hapa hapa."

Noah akaitoa barua. Aliitaka sahihi ile, asikudanganye mtu. Wakati huo huo lori la majani likateremka kutoka kituoni, likapita bila kusukumwa na yeyote, na chai ya Chepkorir ilikuwa ndani. Noah akalitazama mpaka likapotea kwenye kona. Akairudisha barua kotini, akafungua daftari, akauliza mara tatu kama yupo anayeunga mkono. Kisha akaandika kwa mwandiko mzuri:

"Mheshimiwa Waziri alitoa hoja kwamba yu hai. Hoja haikuungwa mkono, ikaanguka."