Jemedari na Pilipili Chini ya Meza Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu. Masanduku mawili, mto wake, na Pilipili. Pilipili ni mbwa jike, umbo kama paka, mdomo kama spika. Mbwa wangu Jemedari alimpokea kiungwana. Ana miaka saba, mpole, anaogopa hata mvua. Amani ilidumu mpaka chakula cha mchana. Nilikuwa nampitishia Jemedari kipande chake cha nyama chini ya meza, kama kila siku. Ghafla, vita! Kikombe kimoja hatunacho tena.

Mama mkwe akasema mbwa wangu hakulelewa. Nikasema mgeni hafiki na kushika usukani. Mke wangu akasema mama anaye mmoja tu. Ijumaa daktari wa mifugo atakuja, na kama bado wanapigana, Jemedari anakwenda kwa shemeji, shambani. Kwa shemeji! Yule anayefunga mbwa kwa waya! Chakula kilinishinda. Hakikumshinda Jemedari.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu amempigia daktari simu. Ushauri: kila mbwa ale chumba chake, asilishwe mtu yeyote mezani (alimaanisha mbwa), watembezwe pamoja nje, na kila ugomvi uandikwe. Saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, ameshika nini. Nikajitolea kuandika, haraka sana. Mwenye kalamu hashindwi kesi.

Leo magomvi mawili. La kwanza, sebuleni, nikiwa na mfupa. Mwanzilishi: Pilipili. La pili, kibarazani, nikiwa na ngozi ya kuku. Sikuona vizuri, nilikuwa nimefumba macho kwa hofu. Mwanzilishi: Pilipili.

Kuhusu kulisha mezani, daktari hajawahi kuona Jemedari akishusha masikio. Mtu ana moyo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya ubunifu! Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kukaa kusubiri. Daktari kasema watembee pamoja. Basi nimeshona koti moja la mbwa wawili. Kaki iliyobaki kwenye suruali za wanafunzi, matundu manane ya miguu, vifungo tumboni. Mshono safi kabisa.

Uani walisimama wametulia dakika nzima. Machozi yalinilengalenga. Kisha akapita kuku wa jirani. Kwa mara ya kwanza tangu wakutane, wakakubaliana jambo. Wameondoka na ndoo, na kamba ya nguo, na gauni jeupe la mama mkwe likiwa bado kwenye kamba. Kuku yuko salama. Gauni limechanika ubavuni.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku nilipokuja kuposa alikuwa na wasiwasi fulani, na leo ameuelewa. Nimepewa gauni nilishone.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kumbe! Mfukoni mwa gauni kuna daftari dogo, limelowa pembeni lakini linasomeka. Kumbe mama mkwe naye anaandika! Si adabu kusoma daftari la mkwe. Nimelisoma mara mbili. Kila mstari: mwanzilishi, Jemedari. Uongo mtupu! Tena ameongeza safu isiyo na maana yoyote: "Mkwe alikuwa ameshika nini."

Nimeshona ubavu. Nikashona na mdomo wa mfuko, daftari likiwa ndani. Mshono maradufu, uzi mweupe, hata mimi siuoni. Nimelala mchana nikiwa na furaha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Daktari kafika. Nikamkabidhi daftari langu kwa mikono miwili. Mama mkwe akaenda chumbani, akarudi na gauni, akalitandika mezani, akaniomba mkasi. Kwa upole. Halafu akaniomba nifumue mimi mwenyewe, maana mshono mzuri hivyo hauna mwingine wa kuufumua. Mke wangu aliniangalia. Nikafumua.

Daktari akayaweka madaftari sambamba. Akasema kuhusu nani anaanza, hayakubaliani hata mstari mmoja. Kuhusu jambo lingine yanakubaliana yote: nilikuwepo, na nilikuwa na kitu cha kuliwa. Akaniomba nikakae chumba cha cherehani kwa muda wa saa moja.

Nilichungulia dirishani. Mbwa walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo, bila koti. Iliniuma, sisemi uongo. Nilitaka angalau Jemedari anitafute.

Baadaye mke wangu akaja kuniambia Jemedari haendi popote. Anayehama ni mimi: nitakula kwenye chumba cha cherehani mpaka nitakapojifunza. Nilimkumbatia Jemedari shingoni mpaka akapiga chafya. Nililia kidogo. Fundi anaweza kulia, vitambaa viko tele.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku tatu za amani. Jana mama mkwe mwenyewe alinitetea nirudi mezani, akasema mtu mzima hawezi kula juu ya cherehani. Nimeguswa. Nadhani lile koti liliwaunganisha, ila hakuna atakayekiri.

Nami nimejifunza, na niliandike hapa ili lisisahaulike: kosa langu lilikuwa upendeleo. Kumpa mmoja na kumnyima mwingine si haki. Kwa hiyo leo mchana, wanawake wakiwa jikoni, nimewapa wote wawili kwa mpigo, mkono huu na mkono huu. Huenda wa kulia ulitangulia kidogo.

Naandika haya nikiwa nimesimama juu ya kiti. Mama mkwe anauliza kutoka jikoni ni yupi ameanza.

Nimemjibu ni wa kwake.