Kopo la Bibi na Risasi Zangu Kumi na Mbili

Mtu akikuuliza, katikati ya foleni ya uwanja wa ndege, mbele ya watoto wa watu, "Dada, hebu rudia hapo, umesema nini juu ya risasi?", unamjibu nini?

Mimi nimeulizwa leo, saa tano na nusu asubuhi. Sikuwa na jibu. (Nina shahada mbili.)

Nasimulia mwenyewe kwa sababu najua Watanzania wote wa huku ughaibuni, Brooklyn Park, wameshapata habari, na katika habari hiyo mimi ni jambazi.

Mnajua nimepanga chumba cha chini kwa Mzee Harlan. Mzee ni mjane, amepita miaka sabini, na ana bunduki ya babu yake. Risasi za bunduki hiyo viwanda viliacha kuzitengeneza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, kwa hiyo anazitengeneza gereji. Aliponiambia sikumwamini. Nilitafuta mtandaoni saa nzima ili nije nimuumbue. Kweli, haziuzwi popote. Nikamuuliza kwa nini asinunue bunduki nyingine. Akaniuliza kwa nini mimi nisitafute bibi mwingine badala ya huyu wa Moshi ninayemtumia dawa. (Nikakubali kushindwa. Hunitokea kama mara moja kwa mwaka.)

Tangu hapo Jumamosi zangu ni za gereji. Naenda kumhoji. Kwa nini shaba? Nani aliamua? Umejuaje kama ni kweli? Leo asubuhi alichoka, akanikabidhi mkono wa mashine. "Kandamiza wewe, labda utapata majibu."

Kwa macho ni kazi ndogo. Kuna kikombe cha shaba, chembamba kama kifuniko cha kalamu. Ndani yake kuna metali laini ya kijivu. Unakandamiza, kinatoka kichwa cha risasi kimevaa koti la shaba. Kichwa tu. Hakuna baruti, hakuna cha kulipuka, ni hatari kama msumari. Mlishike hilo, maana baadaye nimelisema mara kumi na tisa na hakuna aliyenisikiliza.

Nilitengeneza kumi na viwili. Mzee akavitazama kwa miwani, akavua miwani, akavitazama tena. Aliniambia tu nikavipime uzito, na kwa kuwa mizani yake ilikuwa imekufa betri, nikavibeba hadi jikoni kwangu kwenye mizani ya unga. Vilikuwa ndani ya kopo la buluu la biskuti.

Hapo ndipo palipo na tatizo. Jikoni kwangu kulikuwa na kopo jingine la buluu la biskuti. Ndani: dawa ya kuchua magoti, vitamini, na miwani ya kusomea ya bibi yangu wa Moshi. Maisha yangu yote niliamini ni sisi Watanzania tu ambao kopo letu la biskuti halina biskuti. Kumbe hata Mzee Harlan.

Saa nne kamili Mama Upendo akagonga mlango. Ndiye msafiri wa kumpelekea bibi kopo lake. Anakwenda Moshi kwenye send-off, sherehe ya kumuaga binti yake wa mwisho anayeolewa, na hajakanyaga nyumbani miaka tisa kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Miaka tisa amekuwa akisindikiza wenzake. Leo ilikuwa zamu yake, na kila Mtanzania wa huku amempa mzigo. Mumewe, Baba Upendo, alikuwa kwenye gari anapiga honi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, lete haraka. Nilisema kilo moja." Akalipima kopo kwa mkono. "Mbona linalemea?"

"Dawa za magoti."

"Umelikagua mwenyewe? Mimi sibebi kitu cha mtu bila kukagua. Fungua nione."

Nami nikasema, nikiwa tayari nazungusha utepe wa gundi mara saba: "Mama, mimi hukagua hadi bili ya maji. Unanijua."

"Nakujua," akasema, akaondoka.

Dakika ishirini baadaye Mzee Harlan akaja kuuliza uzito. Nikafungua kopo lililobaki. Miwani ya bibi ikanitazama.

Nikapiga simu kwa Mama Upendo. Imezimwa. (Anaamini uwanja wa ndege unanyonya chaji.) Nikampigia Baba Upendo. Hapokei akiwa anaendesha, hata dunia ikiisha. Nikamweleza Mzee. Akafikiri kidogo, akachukua funguo za lori lake, nami nikabeba kopo la bibi. "Nakupeleka mimi."

Sijui kama mmewahi kukimbizana na ndege mkiwa na mtu anayeheshimu kila kibao cha mwendo. Mabasi ya shule yalitupita, na leo ni Jumamosi. Mimi njia nzima namwona Mama Upendo amekalishwa kwenye chumba kisicho na dirisha, Dar es Salaam, anaulizwa risasi ni za nani, na huku Moshi binti yake anatambulishwa na shangazi badala ya mama.

"Kwa hapa wala si kosa kubwa," Mzee akasema.

"Na kule anakoshukia?"

Akaongeza mwendo, kidogo sana.

Uwanjani nilimwona mara moja: kitenge cha kijani, masanduku mawili yaliyofungwa kamba nyekundu, amebakiza watu watatu afike kaunta. Kati yetu kulikuwa na foleni nzima na zile kamba za kuzungusha watu kama ng'ombe. Hapo nikafanya hesabu ya haraka. Hawa ni Wazungu. Kiswahili hawajui. Nikapaza sauti.

"Mama Upendo, usikabidhi sanduku. Lile kopo lina risasi."

Mama akageuka taratibu. "Lina nini?"

"Risasi. Kumi na mbili. Nimetengeneza mwenyewe. Usiogope, hazina baruti."

Nyuma yangu, sauti ya kike, tulivu kabisa, yenye Nairobi ndani yake: "Dada, hebu rudia hapo, umesema nini juu ya risasi? Na uiseme polepole, mimi niko kazini."

Nilisoma kitambulisho shingoni mwake. Mfanyakazi wa uwanja. Nikanyoosha kidole kwenye masanduku ya Mama.

Mnayajua mengine. Sanduku lilifunguliwa chini, sakafuni, mbele ya foleni nzima. Zikatoka sufuria, sidiria za ukoo mzima zenye majina ya wenyewe kwenye vikaratasi, viatu vya mchungaji, maziwa ya watoto. Mama Upendo alisimama amekumbatia mkoba, ananitazama kama mtu anayechagua maneno ya kusema kwenye mazishi yangu.

"Miaka tisa, Neema," akasema. "Miaka tisa."

Akaja mkubwa wao wa ulinzi, mwanamume wa ndevu nyekundu. Kopo likafunguliwa. Watu wakasogea nyuma. Nikaanza: ni vichwa tu, havina baruti. Mzee Harlan naye akaanza, kwa furaha ya mtu aliyesubiri wasikilizaji miaka mingi, kueleza bunduki ya babu yake tangu siku iliponunuliwa.

Yule wa ndevu akachukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga. Kumbe ni mwindaji, risasi anazijua. "Nani ametengeneza hiki?"

Nikainua mkono. (Mkono, kama darasani.)

"Hiki hakiwezi kumdhuru mtu," akasema. "Hakiwezi hata kuingia kwenye bunduki. Koti limechanika, kimepinda kama ndizi." Akampa mwenzake, naye akacheka. Kikazunguka hadi kwa abiria mmoja.

"Mimi nilitaka kumwambia nikakosa namna," Mzee Harlan akasema.

Nilipogeuka, Mama Upendo hayupo. Wala masanduku. Niliwahi tu kuona mgongo wa yule dada wa Nairobi akisukuma toroli mbio na kitenge cha kijani kikimfuata. Nikajua basi, wamemkamata. Nikakaa kwenye benchi na kopo la dawa za magoti mapajani, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia binti yake.

Dakika arobaini na tano. Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti.

"Neema, nimekaa. Niko ndani ya ndege, dirishani. Dawa za bibi yako nitanunua Moshi, wewe usinipe kitu tena maishani. Ukome. Mungu akubariki."

Nililia kidogo. Mzee Harlan aliniletea kahawa, mbaya sana, nikainywa yote.

Tafadhali mnaocheka, mcheke sasa hivi, kesho kanisani mniache.

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Saa moja jioni hii Baba Upendo amenipigia akiwa mapumziko kazini, kwa sauti ya chini, akiniomba nisimwambie mtu. Mama alimweleza kabla ndege haijaruka: yule dada wa Nairobi aliitazama tiketi wakati wanarudisha masanduku. Ndege ya Mama Upendo haikuwa ya jengo lile. Baba Upendo alimshusha pale alipozoea kushusha watu, naye Mama akapanga foleni yenye masanduku makubwa kuliko zote. Angefika kaunta, angerudishwa peke yake bila yule dada wa kumkimbiza, na ndege ya jengo la pili ingeondoka bila yeye.