Leso Niliyofunga Taya

Wapendwa, leo nimeaibika nikiwa nimelala. Ile meseji ya saa tisa, ya kusema nimeitwa na Bwana, muifute. Sijaitwa. Niko jikoni hapa Nunguni napika uji.

Wacha nianze mwanzo. Mnajua Jumapili ni mimi nasoma Neno mbele ya kanisa. Mara yangu ya kwanza. Miaka yote husoma Mama Ndinda, na mimi nilikuwa bado najifunza herufi kule gumbaru, darasa la watu wazima, jioni, chaki kwa vidole kama mtoto wa nasari. Sasa pasta akasema, "Mama Mwende, zamu yako." Nikafurahi. Halafu taya ikaanza kuuma.

Nikadhani ni jino. Nikadhani ni sikio (nikatia mafuta ya moto, msiniulize). Nikitafuna muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, hapa mbele ya sikio inalia ka, ka, kama mlango umelegea bawaba. Nikiamka, kichwa kinauma. Baba Mwende akaniambia, "Wewe usiku unasaga meno hadi naota niko posho mill."

Leo asubuhi nikaenda kwa daktari. Msichana mpole. Akaweka vidole mbele ya masikio yangu. "Mama, fungua mdomo. Funga. Fungua tena." Ikalia ka. Akasema jino ni zima, sikio ni zima, ni joint ya taya imechoka.

"Kuna kitu unahofia?"

Nikamwambia Jumapili. Akatabasamu. "Sasa hiyo Jumapili unaitafuna kila usiku."

Akanipa dawa ya maumivu ya siku chache, na masharti. Chakula laini. Miwa hapana. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Nikipiga miayo, nishike kidevu. Na kitambaa cha maji moto, dakika kumi na tano.

"Na nitaweza kusoma?"

"Utasoma, ukitii."

Mimi nikiambiwa kutii, natii.

Mchana ukungu ulishuka kutoka milima ya Kilungu hadi kwa dirisha, nyumba ikawa nyeupe kama tuko ndani ya maziwa. Nikalowesha kitambaa, nikakiweka kwa taya, nikakifunga na leso. Kutoka chini ya kidevu hadi utosini, fundo juu. Hivyo mikono ingeshika Biblia nifanye mazoezi. Baridi ikanishika, nikajifunika shuka. (Nyeupe. Ndiyo ilikuwa imekauka.) Nikalala chali kwa kochi. Nilikuwa nasoma, kweli. Halafu herufi zikaanza kuelea, moja moja, kama vifaranga wakiingia kwa ukungu.

Nikaota niko juu ya kilima, natembea na miguu haigusi umande. Hakuna kitu kinauma. Kwa mbali nasikia nyimbo za kuaga. Nikajua nimefika. Lakini sauti moja ilikuwa juu ya zingine, imepotea njia, na naijua. Nikashangaa. Kumbe Mama Ndinda amenitangulia hata huku.

Kumbe wako kwa sitting room yangu. Yeye na jirani yangu Mama Kioko walikuja kunijulia hali na ndizi. Wakapiga hodi, kimya. Wakaingia. Na wapendwa, nyote mnajua ni nani hufungwa taya hivyo, akilazwa chali na shuka nyeupe, Biblia kwa kifua.

Mama Kioko analia. "Juzi tu nilikuwa naye sokoni."

"Ameenda vizuri," Mama Ndinda akasema. "Nishatuma kwa group."

"Na Jumapili alikuwa asome, maskini."

Mama Ndinda akanyoosha shuka yangu. "Nitasoma mimi. Hata angekuwa hai, mstari wa tatu ungemshinda. Yale majina ni marefu."

Hapo nikaamka kabisa. Nikakaa wima. Nilitaka kusema hapana, lakini kidevu kimefungwa. Ikatoka, "Mmmmm."

Mama Ndinda alitoka na mlango wa nyuma, akapita katikati ya sukuma wiki yangu, akaacha kiatu kimoja. Mama Kioko hakukimbia. Alipiga magoti, akafunga macho, akaninyooshea ndizi kama upanga. "Kama wewe ni Mama Mwende, sema."

Fundo likakataa. Nikavuta, nikavuta, leso ikatoka. Na sikusema. Nikafungua Biblia nikasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na majina yake yote, pole pole, mdomo ukifunguka kidogo tu. Bila ka.

Mama Kioko akafungua jicho moja. "Ni yeye," akasema. "Roho haiwezi kusoma pole pole hivyo."

Baba Mwende alifika mbio kutoka shamba, matope hadi magoti, akanipata nakula ndizi. Alikaa chini kwa sakafu akashika mguu wangu, akaushika hadi chai ya Mama Kioko ikaiva.

Mama Ndinda, kiatu chako nimekiosha, kiko kwa dirisha. Jumapili kaa mbele. Nasoma mimi. Na nyinyi wengine chekeni tu kwa niaba yangu, mimi daktari amenikataza kupanua mdomo.