Moshi wa Kiko Changu Haushikiki

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu ametoa hukumu. Akisikia tena harufu ya kiko ndani ya nyumba, nahamia stoo, na chumba changu chenye dirisha la barabarani apewe mjomba wake, yaani shemeji yangu. Shemeji kasema yeye hana haraka. Hana haraka! Ameshapima ukuta wa kuwekea kabati lake!

Jumanne, 5 Machi
Nimevutia kiko chooni, nikapuliza marashi yafukuze moshi. Upuuzi! Mimi mwenyewe nilifundisha kwamba chembe za gesi hazifukuzani. Hukimbia ovyo, hugongana, hupenyana, mpaka kila pembe ina kila kitu. Binti akauliza nani anachoma waridi. Nikamwelekezea shemeji kwa kidevu. Hakuna aliyeamini.

Jumatano, 6 Machi
Nimegawa chumba kwa pazia zito: moshi dirishani, hewa safi mlangoni. Mara shemeji huyo, anakohoa kwa makusudi. “Mwalimu, hilo pazia nalo ulilifundisha fizikia?” Mshenzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata! Gesi huenea hadi ijaze chombo chake. Basi ipewe chombo, kifungwe! Kila pumzi nimeipuliza kwa mrija ndani ya ile chupa kubwa ya biskuti, nikakaza kifuniko, nikaificha nyuma ya makoti. Binti kanisifu: kumbe Baba akiamua anaweza. Shemeji kanuna hadi chakula cha jioni.

Ijumaa, 8 Machi
Wakwe wa binti wamekuja. Binti akatafuta chupa ya biskuti. Shemeji, mpekuzi wa makoti ya watu, akaileta mezani. Mama mkwe wake akafungua.

Ningenyamaza tu! Lakini mkwe aliuliza ni nini hicho, na swali ni swali. Nikaeleza kwamba aliye karibu husikia kwanza, kisha chembe husambaa zenyewe, hata bila upepo. Wa kwenye kochi wavute subira. Wakavuta subira. Ikawafikia. Binti akaniuliza nimejuaje kilichomo.

Jumamosi, 9 Machi
Stoo. Ndoo, mifagio, mimi. Shemeji anapiga mluzi chumbani kwangu.

Lakini juu ya ukuta kuna tundu la hewa linalotokea kwake! Chembe hutoka zilikojaa kwenda zilikopungua. Moshi wote utamwendea yeye, binti atamtimua, nami nitarudi dirishani. Huku kwangu hakitabaki kitu. Nimeshawasha kiko.

Mlango wa stoo unagongwa. Ajabu. Kwa hesabu yangu, ungegongwa wa shemeji.