Mzee Okeyo Amekwama Dakika ya Nne

Jumatatu, 13 Aprili 2026

Nimejitolea. Kikao cha kamati ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya baba mkwe, marehemu Mzee Okeyo. Shemeji Otuoma kasimama kusema video ya mzee ioneshwe kwenye televisheni yake. Nikasimama na mimi. Nikasema televisheni ni ya kutazamia mpira. Mimi, Privatus, nina kompyuta ya mezani, mpya, inayotumia Linux, mfumo wa watu waliosoma. Otuoma akakaa. Raha niliyoipata hapo sijaipata tangu nioe kwenye ukoo huu.

Video ni ya dakika tisa. Mzee anatoa shukrani kwenye kipaimara cha mjukuu. Mama mkwe, Mama Roza, hakusikia hata neno. Alikuwa nyuma ya nyumba anasimamia masufuria ya pilau, maana kwenye shughuli zetu wanaume huhutubia na akina mama hupakua. Watu walimwambia mzee amemsema vizuri sana. Akapanga kumuuliza mwenyewe siku akitulia. Wiki tatu baadaye mzee akafariki. Simu iliyorekodi ilizama ziwani pale Busisi. Imebaki flashi moja, na flashi hiyo ninayo mimi.

Mama Roza ameshafika kwetu Pasiansi kutoka Shirati. Amekuja kwa ajili ya dakika hizo tisa.

Jioni nimeijaribu. Dakika tatu safi kabisa. Ya nne, mzee anasema "Mke wangu Roza," halafu anaganda, mdomo wazi. Sauti inakatika, picha inaruka, anaganda tena. Nimezima. Jambo dogo.

Jumanne, 14 Aprili

Si jambo dogo. Nimebadilisha programu ya kuchezea video mara nne. Zote zinamgandisha mzee palepale.

Dorotea, jirani yetu, mwalimu wa kompyuta, alikuja kuazima chujio. Akaweka mkono juu ya kompyuta na kuuondoa haraka. Akasema mashine inapata joto, ikipata joto inapunguza mwendo, niivue tu hiyo nailoni.

Nailoni haivuliwi. Nailoni niliifunga mwenyewe, nikabana kwa selotepu kila kona, ili ionekane imetoka kiwandani. Chini yake kuna kutu na stika ya shule ya msingi ya huko Ulaya. Niliinunua mtumba, Nyamagana, kwa mtu anayeuza pia pasi na majiko. Mke wangu Sharon hajui. Otuoma asijue kamwe.

Nikamjibu Dorotea kwamba kwenye Linux mambo ya joto ni tofauti. Akachukua chujio.

Alhamisi, 16 Aprili

Jana sikuandika. Niliweka dereva mpya, ile programu inayoendesha kadi ya picha, kioo kikawa cheusi kuanzia asubuhi hadi saa kumi alasiri. Nikaiondoa kwa kuandika amri moja baada ya nyingine huku jasho linanitoka. Sharon alipita mara tatu akikitazama kioo hicho cheusi. Afadhali angenigombeza.

Leo nimezima mapambo yote ya madirisha ya kompyuta. Nimeweka programu ya kupima joto. Inasoma nyuzi tisini na sita. Nimefurahi. Maana yake mashine inajituma.

Nimejaribu tena. "Mke wangu Roza." Mdomo wazi.

Mama Roza alikuwa amesimama mlangoni na sikumsikia akija. Akauliza kwa upole kama pale mzee alikuwa ameishiwa pumzi. Nikamwambia hapana, Mama, ni mtambo unapakia. Akasema basi atasubiri, amezoea kumsubiri akiwa ziwani. Nimekosa raha mchana kutwa.

Otuoma ametuma ujumbe, eti alete televisheni ikae tu pembeni, kwa tahadhari. Nimejibu kwamba tahadhari ni kuniamini. Namchukia yule mtu na tabasamu lake.

Jumamosi, 18 Aprili

Misa imekwisha salama. Chakula kimekwisha salama. Watu themanini uani, Mama Roza kiti cha mbele, safari hii amekatazwa kukanyaga jikoni. Amevaa gauni ambalo mzee alimnunulia.

Nikawasha. Dakika tatu safi. "Mke wangu Roza."

Mdomo wazi.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Mama Roza hakugeuka, aliendelea kumtazama mumewe aliyeganda kana kwamba akimtazama vizuri atamalizia. Otuoma akatoa televisheni kwenye pikapu. Aliileta, mnafiki. Akaichomoa flashi kwangu bila kuniomba.

Ikacheza. Mzee akasema miaka thelathini na nane Roza hajawahi kumfungia mlango, hata alipotoka ziwani bila samaki hata mmoja. Akasema mwaka ule nyavu zilipoibwa, Roza aliuza kuni na akawaambia watoto ni baba ndiye aliyeleta unga. Akasema hajawahi kumshukuru, na leo anamshukuru. Mama Roza akalia, akacheka, akajifuta kwa kanga ya jirani.

Ningeweza kuwa na furaha. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akasema: "Na huyu mkwe wangu Privatus, mvumilieni. Anajua kila kitu isipokuwa kuuliza."

Watu themanini wakacheka. Otuoma akairudisha nyuma ili waliokuwa msalani nao wasikie.

Jumapili, 19 Aprili

Sharon amechana nailoni. Yote, kwa kisu cha jikoni. Akasoma stika kwa sauti mbele ya mama yake. Kisha akachomeka flashi kwenye kompyuta, akaiwasha video, nayo ikacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akaniangalia. Nikamweleza kwamba zile amri zangu za Jumatano huchukua siku nne kukolea.

Mama Roza anaondoka Jumanne. Ameniomba, mimi na si Otuoma, nimwekee video kwenye simu yake ili awe anaisikiliza kule nyumbani. Akasema nisijali yale maneno, mzee aliniita mwanawe mpaka mwisho. Nimeguswa. Kweli nimeguswa.

Lakini yale maneno hayawezi kwenda Shirati. Yatasikika kila jioni, mbele ya kila mgeni. Nitakata kipande kile tu, sekunde kumi na moja.

Dorotea, aliyenisikia nikijisemea upande wa pili wa ukuta, amesema kabla ya kukata nitoe nakala kwanza. Nakala ni za watu wasiojiamini.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekata. Nilichagua zile sekunde kumi na moja, nikabonyeza kukata, nikahifadhi. Programu ikauliza kama faili jipya lichukue nafasi ya la zamani. Ndiyo. Inauliza sana.

Ilibakiza zile sekunde nilizochagua na kutupa mengine yote.

Nimekaa mbele ya kompyuta saa nzima. Dorotea amekuja, ameona uso wangu, ameuliza kuna nini. Akasema kama ni flashi, nisiiguse kabisa, nisiandike kitu juu yake, nimpe, kuna njia ya kurudisha yaliyofutika. Nikamwambia hakuna tatizo lolote. Nikamsindikiza hadi getini.

Kisha nikapakua programu tatu za kufufua mafaili, nikaziweka kwenye flashi ileile, zikae karibu na kazi. Hazijapata kitu. Kesho nitapakua nyingine mbili.

Mama Roza amefunga begi. Ameniletea simu yake imejaa chaji, akaketi kando yangu, akauliza video imefikia wapi. Nikamwambia ukweli. Nimeijaribu mara ishirini, na haikwami tena.